Bangi Iliyomeza Jina Langu

Sista wa kliniki alimpa Deo maneno matatu ayashike: ndizi, jembe, mvua. Akamwambia, "Kaka, nitakuuliza tena baadaye kidogo, usiyapoteze." Kisha akaendelea kumpima. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Chumba kile kilikuwa na benchi moja, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na dirisha linalotazama mahali ndugu wa wagonjwa wanapoanika nguo. Mimi nilikaa kwenye benchi, mfuko wake wa dawa mapajani. Deo ni mtoto wa marehemu kaka yangu Laurenti. Alirudi mwaka jana kutoka machimbo ya dhahabu, baada ya miaka mingi bila hata salamu, akiwa na begi moja, kadi ya kliniki iliyokunjamana, na kiu ya gongo. Bangi alisema ameacha, lakini pua yangu haijazeeka kama magoti yangu. "Haya, sasa niambie yale maneno," sista akasema. "Ndizi," Deo akajibu upesi. "Jembe." La tatu halikuja. Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Bibi, usimsaidie," sista akasema kwa upole. Nikaufunga. Nikakaa kimya vilevile nilivyokaa siku nyingine ya zamani, nikiwa binti, nimefunikwa kitenge mbele za watu, nikimsubiri baba wa huyuhuyu Deo aseme neno moja ambalo mimi nililijua na sikuruhusiwa kulisema.

Mwaka wa siku hiyo ndio ninaouandika. Shule niliishia darasa la pili, kuandika kwenyewe nikaja kumalizia kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo atakayesoma anivumilie. Majina ya watu ndiyo sikosei, na mwaka huo ndio ulionifundisha kutokosea. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka kama minne nyuma, lakini vilikuwa bado vinakaa na sisi mezani. Sabuni ilipangiwa foleni kwenye duka la kijiji, sukari tuliisikia kwa majirani, na chumvi ilikuwa adimu hadi mama alikuwa akichovya kidole kwenye kikapu kitupu kilichotundikwa juu ya jiko, akilamba, akisema bado ina ladha. Tulikuwa Murusagamba, kwenye zile nyumba za mstari tulizopangiwa kando ya barabara wakati wa vijiji vya ujamaa, ila migomba yetu ilibaki kule juu kwenye kibanja cha zamani, na kila pombe ya ndizi tuliyotengeneza tuliipandia mlima. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kati ya cha mama na cha Laurenti hapakuwa na ukuta, ila mkeka uliotundikwa, kwa hiyo lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili hata likinong'onwa. Mkeka ule ndio uliotupa habari zote za mwaka huo, mimi na yeye.

Laurenti alikwenda vitani na mgambo akiwa mtu wa kutania watu njia nzima. Vita vilipokwisha hakurudi mara moja. Alibaki pande za Bukoba akivusha mali mpakani, kama wengi. Aliporudi alivaa shati linalong'aa, la kitambaa ambacho hapa kwetu hakuna aliyekuwa nacho, na ndani ya shati mabega yalikuwa kama hanga la kuanikia. Alikuwa anavuta bangi. Hakuificha. Alikaa nyuma ya zizi la mbuzi asubuhi na jioni, na mama akikuta imebaki anaitupa chooni akilaani. "Inanituliza kichwa, mama," alikuwa akisema. Mkewe, Konsolata, alivumilia hadi mvua za kwanza, kisha akambeba mgongoni mtoto wa mwisho, akamshika Deo mkono, akaenda kwao Nyakisasa. Deo alikuwa anaanza kung'oka meno ya utoto. Konsolata aliondoka bila kugeuka nyuma, na Laurenti alisimama mlangoni akiwapungia kama mtu anayeaga wageni.

Tulichokiona kwanza ni rubisi. Asiyekunywa pombe ya ndizi atasema ni kukamua tu, lakini Laurenti alikuwa fundi, watu wa vitongoji vya jirani walimwita aje awakamulie. Alijua kwa kunusa tu kama ndizi zilizofukiwa shimoni zimeiva. Aliweza kuzikanda na nyasi mtumbwini hadi juisi ikatoka haina nyuzi, akapima maji kwa jicho, akanyunyiza mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba, na siku ya pili ni pombe inayomfanya mzee amsamehe jirani. Jumapili ile aliita watu. Wakaja baada ya ibada, wakakaa kuzunguka kibuyu kikubwa, kila mtu na mrija wake. Mzee Filibeti, ambaye kijiji kizima kilijua analima nini katikati ya mihogo yake, ndiye aliyevuta wa kwanza. Akautoa mrija mdomoni, akautazama. "Laurenti," akasema, "umetuita tuje kunyonya? Haya ni maziwa ya mtoto!" Watu wakacheka hadi wengine wakashika mbavu, kwa sababu kweli ilikuwa tamu tupu, juisi isiyochacha. Laurenti akacheka nao. Kisha akaniinamia sikioni. "Mtama niliweka?" "Hukuweka, kaka." "Niliweka." Akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nikamfuata. Mtama ulikuwa palepale kwenye ungo, umekaangwa, umesagwa, haujaguswa. Akakaa kitako kando yake, akautazama, mkono wake mmoja ukitetemeka juu ya goti. Akaniuliza, "Nani ameusaga huu?" Alikuwa ameusaga yeye.

Baada ya hapo ikawa jambo juu ya jambo. Anafunga vifungo vya shati, vinamshinda, anabaki ameshika kifungo kimoja kama mtu aliyeshika kunguni. Anatembea akiburuta mguu. Mezani anaanza habari, anaiacha katikati kama mtu aliyeitwa nje, harudi. Ukimwuliza swali unaweza kumaliza tonge ndipo akujibu. Na bangi anavuta, kwa hiyo mtaani jibu lilikuwa moja. Mama ndiye aliyekuwa hana jibu. Alikuwa amemlea, alijua mtu aliyelewa anarudi asubuhi, na huyu wetu alikuwa harudi.

Mwaka huohuo, mimi nikiwa nimeshavuka umri ambao wenzangu wote waliolewa, ikaja posa. Nilikuwa nimeanza kuitwa bibi kizee kisimani, na Yustina binti Kasiano aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama nimemea mizizi kwa mama. Posa ilitoka Ntobeye, ya kijana anaitwa Damasi, ambaye nilimwona mara mbili sokoni na nikamtaka. Sasa kwetu, kabla mrija haujaingizwa kwenye kibuyu cha posa, mshenga huzunguka akiuliza mambo matatu juu ya ukoo: ukoma, kifafa na wazimu. Na sisi tulikuwa na mzee Baranyikwa, ndugu wa babu, aliyekufa amefungwa kwenye nguzo ya nyumba akiongea na ng'ombe ambao hawakuwepo. Watu walikuwa wameanza kumsahau. Nilikuwa nimelala upande wa mama wa ule mkeka, alasiri, nina homa kidogo, wakadhani nimesinzia. Shangazi Gaudensia alikuwa akimenya ndizi, namsikia kisu.

"Wazimu wa mmoja ni bahati mbaya," shangazi akasema. "Wa wawili ni ukoo. Pankrasi akija akamkuta Laurenti anaongea vile, huyu binti utakaa naye hadi akuzike."

"Nimfiche wapi? Nimpeleke porini?"

"Usimfiche. Waambie bangi. Wazimu wa bangi ni wa mtu mwenyewe, haumfuati dada yake."

Kisu kikasimama. "Gaudensia, mimi nina wasiwasi. Na kama si bangi?"

"Basi iwe bangi."

Kisu kikaendelea kumenya. Upande wa pili wa mkeka, kitanda cha kamba cha Laurenti kililia mara moja, kama mtu aliyegeuka.

Kesho yake mama hakutupa tena bangi chooni. Wiki ile ile alikwenda mwenyewe kwa mzee Filibeti, mwanamke aliyekuwa anavuka barabara asikutane naye, akarudi na majani makavu ndani ya upande wa kanga, akayaweka kwenye kile kikapu cha chumvi juu ya jiko. Harufu yake ikaingia kwenye maharage, ikaingia kwenye nywele zetu. Alimpelekea Laurenti baada ya chakula, amegeuza uso. Siku za kwanza tulidhani hata imemfaa: alikula, alilala, alicheka peke yake kidogo. Kisha akazidi kupotea. Shangazi Gaudensia akaona haitoshi, akaanza kuja na gongo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akisema mvuta bangi asiyekunywa hasadikiki. Laurenti akinywa gongo anaamka hajui mlango uko upande gani. Tulimpeleka zahanati. Mganga wa pale hakuwa mjinga, aliuliza swali la kweli: "Huyu ana nini, mama?" Mama akasema bangi, mzee. Akaandikiwa dawa ya malaria, akaambiwa aache bangi. Jioni mama akakishusha kikapu kama kawaida.

Mtu mmoja tu alisema kitu kingine. Alikuwa muuza dagaa, anaitwa Abdala, Mwislamu wa Biharamulo, aliyekuwa akizunguka hadi ziwani na baiskeli akirudi na magunia. Aliteremka mlangoni petu, akamwamkia mama shikamoo, akapima dagaa, na macho yake yakawa kwa Laurenti aliyekaa kivulini akichezea kamba ya kiatu.

"Samahani, mama. Huyu ndugu alianza kukonda lini?"

"Ni bangi."

"Sawa, mama, inaweza kuwa. Lakini huko nilikotoka, karibu na Bukoba, wanakonda hivihivi, wengine wanapotea akili hivihivi, na wamo watu ambao hata sigara hawajaonja. Wanauita ugonjwa huo kwa jina la lile shati." Akanyoosha mkono kwenye kamba ya kuanikia, mahali shati la Laurenti lilipokuwa linang'aa. "Juliana."

Mama akasimama. "Beba dagaa wako."

"Mama, sikutukani..."

"Beba."

Akabeba. Baiskeli yake ililia hadi kwenye kona. Nikamwambia mama, "Umesikia alichosema?" Akanijibu, "Nimesikia. Na wewe hujasikia." Halafu akalitoa lile shati kambani, akalikunja, sijaliona tena.

Mzee Pankrasi, mshenga wao, alikuja siku ya soko, kofia mkononi, fimbo kwapani. Hata hajakaa akainua pua. "Nyumba hii inanukia shamba la Filibeti," akasema. Mama akainamisha kichwa jinsi alivyofundishwa na shangazi. "Ni kaka yao, mzee wangu. Vita vilituachia mtu, bangi ikamchukua." Pankrasi akaomba amwone. Laurenti akaletwa, akakaa kwenye kigoda, akasahau kuamkia.

"Kijana, unavuta?"

"Navuta."

"Tangu lini?"

Laurenti akafikiri. Tuliona jasho likimtoka. Akamgeukia mama. "Mama, tangu lini?"

Mzee Pankrasi alicheka hadi akajifuta machozi na kofia. "Jamani! Huyu amevuta hadi tarehe!" Akagonga fimbo chini. "Basi. Bangi haiolewi. Ingekuwa ya damu tungerudi na mirija yetu nyumbani." Mama akacheka naye. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na sinia ya karanga, na nilifurahi. Naliandika hivyohivyo lilivyokuwa: nilifurahi, na Laurenti alitufurahia sisi, akitutazama mmoja mmoja kuona tunacheka nini.

Lakini lilibaki jambo moja. Kwetu binti hatolewi hivihivi. Siku ya kumtoa, mwanamume wa nyumba anakunywa kwanza kwenye kibuyu, anataja ukoo, anataja jina la baba, kisha analitaja jina la binti, lile la nyumbani alilopewa na baba yake, na baada ya jina ndipo mrija unapokwenda upande wa pili. Binti mwenyewe anakaa nyuma amefunikwa. Akitoa sauti, amejitoa mwenyewe, ni aibu ya kufukuziwa. Baba alikuwa marehemu. Mwanamume wa nyumba alikuwa Laurenti. Kumweka mtu mwingine ingekuwa kuwaambia Ntobeye kwamba huyu wetu ni mzima wa kupumua tu. Mama akaniambia nimfundishe. Kila asubuhi nikawa nampelekea maji ya kunawa kwenye kata ya kibuyu, namshika mkono, namwuliza: "Mimi nani?" Siku nyingine alijibu sawasawa: "Nyamwiza, binti Sospeteri." Siku nyingine alinitazama kwa adabu. Siku nyingine alilia, nami nikamnawisha uso.

Asubuhi moja akili yake iliamka safi kama ya zamani. Mvua ilikuwa imenyesha, jua linatoka, akanawa mwenyewe, akaniita kwa jina langu la ubatizo. "Venansia, kaa." Nikakaa. "Kichwani mwangu kuna mtu anazima koroboi, chumba hadi chumba. Nikivuta sioni giza, lakini hakuna anayewasha." Nikamwambia, "Basi usivute." Akatabasamu. "Mama zamani alikuwa anatupa. Siku hizi ananiletea. Unajua kwa nini?" Nilitazama kata. "Nami nilikuwa macho siku ile, upande wa pili wa mkeka," akasema. "Gaudensia ana sauti ya tarumbeta. Nikikataa, utaolewa?"  Akachukua maji yaliyobaki, akayamwaga taratibu kwenye mchicha wa mama karibu na ukuta, bila kupoteza tone. "Basi iwe bangi," akasema. Akainuka, akaburuta mguu hadi jikoni, akajishushia kikapu mwenyewe. Na tangu siku hiyo hakungoja kuletewa.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Nimefika umri ambao watu wanadhani mambo ya ujanani yamekuwa mepesi. Hilo halijawa jepesi. Najiuliza mpaka leo alijua nini, mtu aliyekuwa hakumbuki mlango, aliwezaje kukumbuka kunihurumia. Lakini sista wa kliniki aliniambia kwamba ugonjwa huu ukiingia kichwani hauondoi vitu vyote kwa mara moja. Unapunguza mwendo, unaondoa njia ya kufikia kitu, na kitu chenyewe kinaweza kuwa bado kipo. Labda mimi nilikuwa bado nipo.

Siku ya kunitoa walikuja wengi, na kibuyu kilikuwa kikubwa. Rubisi alikamua jirani. Asubuhi shangazi Gaudensia alimpa Laurenti chupa yote ya kikohozi ili asitetemeke mbele za watu, na alivuta, na alinukia kuanzia mlangoni. Walimvalisha koti la mwalimu Stanislausi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma yake, kitenge kichwani hadi magotini, naona miguu tu: miguu ya mama yenye nyufa, viatu vya Damasi vilivyoazimwa na vinavyombana, fimbo ya mzee Pankrasi. Laurenti akanywa. Akautaja ukoo wetu, sauti imara. Akataja Sospeteri. Watu wakaitikia. Kisha akafika kwenye jina.

Jina halikuja. Nikasikia mrija ukigonga kibuyu mkononi mwake. Mama akakohoa. Shangazi akakohoa. Jina langu lilikuwa mdomoni mwangu, moto kama kiazi, nikauma kitenge. Nikamwona kwa chini akigeuka, miguu yake ikazunguka kunielekea, akasimama mbele yangu muda mrefu, kisha akasema mbele ya watu wote, polepole, kama mtu anayeeleza njia: "Nawapeni huyu. Huyu mtoto mwema. Huyu anayeniletea maji asubuhi."

 Ndipo mzee Pankrasi akapiga paja. "Bangi imemeza jina!" akapaza sauti. "Wakwe zangu, imelimeza zima zima! Damasi, mke wako utambatiza mwenyewe!" Uwanja mzima ukalipuka. Watu walicheka kwa raha ya kuokoka, mama akacheka akilia, shangazi Gaudensia akapiga vigelegele kuliko wote, na katika kicheko hicho mrija ukavuka upande wa pili. Ikapita. Wazimu wa ukoo haukutajwa. Niliolewa na kicheko. Chini ya kitenge niliona miguu ya Laurenti imebaki palepale, mmoja umepinda ndani, akingoja kuambiwa kama amesema vizuri.

Hakuyafikia mavuno ya maharage yaliyofuata. Nilirudi kumwona mara moja, nikiwa na mimba ya kwanza. Alikuwa amelala upande wake wa mkeka, hawezi tena kukaa, mwepesi kiasi kwamba mama alimgeuza kwa mkono mmoja. Nikampelekea maji kwenye kata. Akanywa, akanishukuru sana. "Ubarikiwe, dada," akasema. "Wewe ni wa nyumba ya nani?" Nikamwambia Nyamwiza, binti Sospeteri. "Namjua Sospeteri," akasema, akafurahi. "Msalimie." Msibani watu wote walisema bangi. Wazazi wakawatishia watoto: utakufa kama Laurenti. Mzee Filibeti aling'oa shamba lake kwa hofu, akapanda viazi. Halafu ikaja ile miaka mingine, watu wakaanza kukonda nyumba hadi nyumba, akina mama wa kwaya, fundi cherehani, Konsolata mwenyewe kule Nyakisasa na yule mtoto aliyekuwa mgongoni, na mwalimu Stanislausi mwenye koti. Hakuna aliyekuwa amevuta. Ndipo watu wakanyamaza kuhusu Laurenti, na mama akanyamaza kuliko wote. Alipokuwa anakufa, mzee sana, alinishika kidole. "Ilikuwa bangi, Venansia?" Nikamwambia ilikuwa bangi, mama. Akaniachia kidole.

Nilidhani nilimdanganya. Siku ile kliniki, Deo alipotoka nje kwenda kupimwa damu, nilimwuliza sista nilichotaka kujua miaka yote hii: mtu mwenye virusi, asiyejua kama anavyo, akavuta na kunywa kila siku, kinachommaliza akili ni kipi? Sista aliweka kalamu chini. "Ni vyote, bibi. Virusi vinaingia kwenye ubongo mapema, hata mtu akionekana mzima. Vinaunguza taratibu. Gongo nayo inaunguza. Bangi, kwa ubongo ambao tayari unaungua, inazidi kusahaulisha. Zamani hapakuwa na dawa, asingepona. Lakini alisukumwa." Akanitazama. "Huyu wako ana dawa. Tatizo akilewa anasahau kuzimeza, akisahau kumeza virusi vinaamka, vikiamka anasahau zaidi. Ukikata pombe umekata kamba hiyo. Baadhi yao wanarudi, bibi. Si wote, na si yote." Nilimshukuru. Nje, Deo alikuwa amekaa kwenye ngazi, pamba mkononi. Akasema, "Shangazi, lile neno lilikuwa mvua?" Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Sikujua kama amekumbuka au ameiona.

Siku hizi anakaa kwangu. Gongo amekata mara mbili, ameirudia mara moja. Vidonge vyake naviweka kwenye kisahani cha bati, na asubuhi nampelekea na kikombe cha maji, nakaa kwenye kigoda mbele yake. "Mimi nani?" Siku nyingi ananicheka. "Shangazi, kila siku?" Kila siku, namwambia. Leo hakucheka. Alikitazama kikombe kwanza, kisha akanitazama mimi, kwa adabu ile, ya baba yake, na kuku walikuwa wanaparua nje na mtu alikuwa anapasua kuni kwa jirani, na mimi nilikuwa na jina mdomoni. Sikumsaidia. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili maji yasimwagike.

"Venansia," akasema mwishowe.

La pili, lile la nyumbani, hakulifikia, nami sikumdai. Nikampa vidonge, akameza.